Umbo la ku- la Kiswahili na Maumbo ya to na -ing ya Kiingereza: Chanzo cha Kosa na Njia ya Kulirekebisha

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kutafsiri maandishi ya kitabibu, alituletea kazi iliyokuwa na sentensi ifuatayo:

(1) Mgonjwa aliacha kutumia dawa baada ya wiki mbili.

Tafsiri yake ilikuwa hii:

(2) The patient stopped to use the medicine after two weeks.

Kila neno katika (2) ni neno halali la Kiingereza, na mpangilio wake haukiuki kanuni yoyote ya sintaksia ya lugha hiyo. Hata hivyo, sentensi hiyo haisemi kile kinachosemwa na (1). Mzungumzaji mzawa wa Kiingereza ataielewa kuwa mgonjwa, baada ya wiki mbili, alisita katika shughuli nyingine ili atumie dawa. Sentensi iliyostahili ni "The patient stopped using the medicine after two weeks". Daktari atakayeisoma (2) ataambiwa kwamba dawa zilitumiwa, ilhali mgonjwa alisema kwamba ameziacha. Tulipomweleza mwanafunzi kosa lake alituuliza kwa unyoofu: "Lakini, Mwalimu, yote mawili si ku-?"

Makala haya ni jibu la swali hilo. Tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, tutaeleza kwa nini umbo moja la Kiswahili hulingana na maumbo mawili ya Kiingereza. Pili, tutaonyesha kwamba tofauti ya maana inayobebwa na maumbo hayo mawili si ngeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Anaijua na kuitumia kila siku, ila lugha yake huiweka mahali pengine. Tatu, tutapendekeza majaribio mawili ambayo mwalimu anaweza kuyatumia darasani, na kuonyesha mipaka yake. Katika mifano yote, kinyota huonyesha sentensi isiyokubalika.

2.0 Umbo la ku- na Sura Zake Mbili

Wanasarufi wa Kiswahili, tangu Ashton (1944) na hata kabla yake, wametambua kwamba umbo la ku- lina sura mbili: ni nomino na ni kitenzi kwa wakati mmoja. Sura ya nomino hudhihirika katika upatanisho wa kisarufi:

(3) Kuimba kwa Asha kulitupendeza.

Hapa "kuimba" ni kiima cha sentensi, kinamilikiwa na Asha kwa njia ya "kwa", na kinatawala kiambishi ku- katika kitenzi "kulitupendeza". Hakuna nomino inayoweza kudai haki zaidi ya hizo. Lakini umbo hilohilo huhifadhi pia sifa za kitenzi:

(4) a. Kukisoma kitabu hiki kwahitaji subira.
b. Kutosoma kumemponza.
c. Alikataa kusomeshwa na mjomba wake.

Katika (4a) umbo limechukua kiambishi cha yambwa. Katika (4b) limekanushwa kwa -to-. Na katika (4c) limenyambuliwa katika kauli za kutendesha na kutendwa. Hata hivyo, halibebi njeo. Umbo la ku- halisemi kama tendo limekwisha kutendwa, linatendwa, au linakusudiwa tu. Jambo hilo huachiwa kitenzi kikuu na muktadha. Ukosefu huu wa njeo ndio mzizi wa suala tunalolijadili.

3.0 Maumbo Mawili ya Kiingereza

3.1 Chimbuko

Kiingereza hugawa kazi za umbo la ku- kati ya umbo lenye "to" na umbo lenye "-ing". Mgawanyo huo una historia. Katika Kiingereza cha Kale kiambishi tamati -ung au -ing kiliunda nomino kutokana na vitenzi, ambapo kirai kitenzi cha kivumishi kilikuwa na kiambishi chake tofauti, -ende. Katika kipindi cha Kiingereza cha Kati viambishi hivyo viwili viliishia kuwa na umbo moja. Kwa upande mwingine, "to" ilikuwa kihusishi chenye maana ya uelekeo, kilichotangulia umbo la kitenzi lililonyambuliwa kama nomino: "to singenne" ilimaanisha, kwa kadiri, "kuelekea kwenye kuimba".

Kwa hiyo tangu asili umbo la -ing lilitaja tendo kama kitu, na umbo la "to" lilielekeza kwenye tendo lililo mbele. Inafaa kukumbuka kwamba baadhi ya wanaisimu wa Kibantu wamehusisha ku- ya vitenzi-jina na ku- ya mahali, ile tunayoikuta katika "huku" na "kule". Kama uhusiano huo ni wa kweli, basi ku- na "to" zilianza safari kutoka mahali pamoja. Tofauti ni kwamba ku- iliendelea mpaka ikawa ngeli kamili ya nomino, ikachukua pia kazi ambayo Kiingereza kiliiachia -ing.

Tuongeze tahadhari moja. Umbo la -ing lina pia matumizi yasiyokuwa ya nomino, kama katika "I saw him crossing the road". Hapo Kiswahili hakitumii ku- bali -ki- au -na-: "Nilimwona akivuka barabara". Matumizi hayo hayamtatizi sana mwanafunzi wetu, nasi hatutayajadili zaidi.

3.2 Mazingira ya Kisintaksia

Kuna mazingira ambamo uteuzi hautegemei maana hata kidogo. Muhimu zaidi ni nafasi inayofuata kihusishi. Baada ya kihusishi Kiingereza hudai umbo la -ing:

(5) a. She is good at teaching.
b. They insisted on paying.
c. He left without saying a word.

Wanafunzi wengi hukubali kanuni hii upesi, kisha hukwama katika sentensi kama zifuatazo:

(6) a. *I look forward to see you.
b. *She is used to work at night.
c. *We object to pay twice.

Sababu ya kukwama ni kwamba "to" ya hapa si ile inayotangulia kitenzi, ni kihusishi. Kuitambua ni rahisi: weka nomino ya kawaida mahali pa kitenzi. Tunaweza kusema "I look forward to the meeting", "She is used to the noise", "We object to the price". Nomino ikikubalika, "to" ni kihusishi, na kitenzi kitakachofuata kitakuwa na -ing: "seeing", "working", "paying". Lakini hatuwezi kusema *"I want to the meeting"; kwa hiyo "to" ya "I want to see" ni ya aina nyingine. Jaribio hili halihitaji ujuzi wowote wa nadharia, na linafaa kufundishwa mapema.

3.3 Maana

Nje ya mazingira hayo maana huingia. Bolinger (1968) alitoa hoja kwamba umbo la -ing hulichukulia tendo kama jambo lililopo, na umbo la "to" hulichukulia kama jambo linalodhaniwa au linalowezekana. Kiparsky na Kiparsky (1970) waliliangalia suala hilo kwa upande wa ukweli unaochukuliwa kuwa umekwisha kukubaliwa: vitenzi vikuu vyenye kudhania ukweli wa kijalizo chao huruhusu umbo la -ing kwa urahisi, na visivyodhania hivyo huelekea kwenye "to". Tofauti hii huonekana wazi pale kitenzi kimoja kinapokubali maumbo yote mawili:

(7) a. I remembered to lock the door.
b. I remember locking the door.

Katika (7a) kukumbuka kulitangulia, kufunga kukafuata. Katika (7b) kufunga kulitangulia, na kukumbuka ndiko kwa sasa. Mlinzi wa ghala anayeulizwa maswali baada ya wizi hana budi kujua ni ipi kati ya sentensi hizi anayoitamka.

Hata hivyo, maana peke yake haitoshi kuwa kanuni. Karttunen (1971) alionyesha kwamba kitenzi kama "manage" huthibitisha kutendeka kwa tendo linalofuata: aliyesema "She managed to open the door" amesema kwamba mlango ulifunguliwa. Hata hivyo umbo lake ni "to". Kinyume chake, anayesema "They postponed leaving" anazungumzia safari ambayo bado haijafanyika, na umbo ni -ing. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba "-ing ni ya yaliyopita na to ni ya yajayo" amewapa fimbo itakayovunjika wanapoiegemea.

4.0 Tofauti Hiyo katika Kiswahili

Kwa kuwa ku- hulingana na maumbo yote mawili, ni rahisi kuhitimisha kwamba Kiswahili "hakina" tofauti hiyo, na kwamba mwanafunzi lazima aanze kuijenga kutoka sifuri. Wafuasi wa uchambuzi linganuzi, kwa kufuata misingi ya Lado (1957), wangeliona jambo hili kama mfano halisi wa umbo moja la lugha ya kwanza kugawanyika katika lugha ya pili, hali inayotabiriwa kuleta ugumu. Utabiri huo ni sahihi. Lakini hitimisho kwamba tofauti yenyewe haimo katika Kiswahili si sahihi.

4.1 Uteuzi wa Msamiati na Muundo

Tuchunguze jinsi Kiswahili kinavyoyaeleza mambo ambayo Kiingereza huyatofautisha kwa umbo la kitenzi cha pili:

(8) a. I regret to inform you. – Ninasikitika kukuarifu.
b. I regret informing him. – Ninajuta kumwarifu.

(9) a. He stopped to smoke. – Alisimama ili avute sigara.
b. He stopped smoking. – Aliacha kuvuta sigara.

(10) a. She went on to talk about prices. – Kisha akazungumzia bei.
b. She went on talking. – Aliendelea kuzungumza.

(11) a. I forgot to greet her. – Nilisahau kumsalimu.
b. I shall never forget meeting her. – Sitasahau nilivyokutana naye.

Katika (8) na (9) Kiswahili kimebadili kitenzi kikuu: "sikitika" si "juta", na "simama" si "acha". Katika (10) kimetumia -ka- ya mfuatano wa matukio dhidi ya "endelea". Katika (11) kimeacha ku- na kutumia kishazi chenye -vyo-. Hakuna mzungumzaji mzawa wa Kiswahili atakayechanganya "Ninasikitika kukuarifu" na "Ninajuta kumwarifu". Dhana anayo, asichokuwa nacho ni mazoea ya kuiweka katika umbo la kitenzi cha pili.

4.2 Kubadilisha Mtenda

Ushahidi ulio mzito zaidi hupatikana tunapobadilisha mtenda wa kitenzi cha pili. Umbo la ku- lisilo na mmilikaji kwa kawaida hutumika pale ambapo mtenda wa vitenzi vyote viwili ni mmoja. Mtenda wa pili akiwa mwingine, Kiswahili hulazimika kuchagua, na uchaguzi huo hufichua maana iliyokuwa imefichwa na ku-. Tuanze na vitenzi hivi:

(12) a. Ninataka kuondoka. → Ninataka Juma aondoke.
b. Tuliamua kusafiri. → Tuliamua Juma asafiri.
c. Alikubali kulipa. → Alikubali Juma alipe.
d. Aliahidi kurudi. → Aliahidi kwamba Juma atarudi.

Mtenda alipobadilika, ku- ilibadilika kuwa umbo la dhamira tegemezi liishialo na -e, au kishazi chenye njeo ya wakati ujao. Kiingereza cha sentensi hizo hutumia "to": "want to leave", "decide to travel", "agree to pay", "promise to return". Sasa tuangalie vitenzi vingine:

(13) a. Ninafurahia kusoma. → Ninafurahia kusoma kwa Juma.
b. Alikana kuiba. → Alikana kwamba Juma aliiba.
c. Alikiri kudanganya. → Alikiri kwamba Juma alidanganya.
d. Waliahirisha kuondoka. → Waliahirisha kuondoka kwa wajumbe.

Hapa ku- imebaki ikawa nomino yenye mmilikaji, au imegeuka kuwa kishazi chenye njeo ya wakati uliopita. Sentensi kama *"Ninafurahia Juma asome" au *"Alikana Juma aibe" hazikubaliki. Kiingereza nacho hutumia -ing: "enjoy reading", "deny stealing", "admit cheating", "postpone leaving". Msomaji ataona kwamba (13d), iliyoishinda kanuni ya "yaliyopita na yajayo", imetoa jibu sahihi bila taabu.

Kitenzi "penda" kinathibitisha jambo hilihili kwa namna yake. Tunaweza kusema "Ninapenda kuogelea kwa Juma", na pia "Ninapenda Juma aogelee". Kiingereza kwa upande wake huruhusu "I like swimming" na "I like to swim". Lakini "Ningependa kuondoka" hutoa "Ningependa Juma aondoke" tu, nacho Kiingereza hudai "I would like to leave" tu.

5.0 Majaribio Mawili na Mipaka Yake

Kutokana na uchambuzi huo tunapendekeza majaribio mawili, ambayo mwanafunzi huyafanya katika Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza.

Jaribio la kwanza ni la "ili". Je, ku- inaweza kubadilishwa kuwa "ili" pamoja na umbo liishialo na -e, bila maana kugeuka? "Alikwenda sokoni kununua samaki" ni sawa na "Alikwenda sokoni ili anunue samaki". Kwa hiyo Kiingereza ni "to buy", wala si *"for buying". Lakini "Mgonjwa aliacha kutumia dawa" si sawa hata kidogo na "Mgonjwa aliacha ili atumie dawa". Jaribio limekataa, na "to" haiwezi kutumika.

Jaribio la pili ni la kubadilisha mtenda, kama tulivyoeleza katika 4.2. Umbo la -e au wakati ujao huashiria "to"; "kwa" ya umilikaji au wakati uliopita huashiria -ing.

Majaribio haya si sheria, na mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi wazi mahali yanapokoma. Tunaona mipaka mitatu. Kwanza, kuna vitenzi vinavyolidanganya jaribio la pili. Kikubwa kati ya hivyo ni "suggest". Kiswahili husema "Alipendekeza tuondoke", kwa -e, ilhali Kiingereza hakikubali *"He suggested to leave". Husema "He suggested leaving" au "He suggested that we leave". Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba kitenzi hicho kinastahili somo lake peke yake.

Pili, kuna vitenzi ambavyo mtenda wake wa pili hauwezi kubadilishwa. Hatusemi *"Alimaliza Juma asome" wala *"Alifanikiwa Juma afungue mlango". Kitenzi "acha" nacho, tukikibadilishia mtenda, huhama maana: "Alimwacha Juma atumie dawa" ni kumruhusu, si kukoma. Katika kundi hili Kiingereza kimegawanyika: "finish" na "avoid" huchukua -ing, "manage" na "fail" huchukua "to". Vitenzi hivi havina budi kukaririwa.

Tatu, jozi kama "try to open" na "try opening" hubaki pamoja chini ya "jaribu". Njia ya kuzitenganisha ni kuuliza kama Kiswahili kinaruhusu "jitahidi". "Alijitahidi kufungua dirisha" ni "tried to open", kwa kuwa kufungua kwenyewe ndiko kulikokuwa kugumu. Lakini aliyefungua dirisha ili aone kama moshi utatoka hakujitahidi kufungua. Alifanya majaribio, naye "tried opening".

6.0 Matumizi Darasani

Katika ufundishaji wa Kiingereza ni jambo la kawaida kumpa mwanafunzi orodha mbili ndefu za vitenzi na kumtaka azihifadhi. Njia hiyo ina kasoro mbili. Humchosha mwanafunzi kwa kumkaririsha mambo ambayo mengi yake angeweza kuyafikia kwa kufikiri. Aidha, humfanya azikimbie orodha zote mbili kwa hofu: aliyesahihishwa mara nyingi kwa *"enjoy to read" huanza kuandika *"decided going", akidhani kwamba -ing ndiyo salama. Corder (1967) alitukumbusha kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga. Makosa haya mawili, ingawa yamepingana, yanatoka katika mfumo mmoja: mwanafunzi anaamini kwamba uteuzi hauna sababu.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mpangilio ufuatao. Mwalimu aanze na nafasi ya baada ya vihusishi, pamoja na jaribio la nomino kwa "to", kwa sababu hapo kanuni karibu haina ubishi. Afuatie na jaribio la "ili", kisha la kubadilisha mtenda, akitumia sentensi ambazo wanafunzi wenyewe wamezitunga kwa Kiswahili. Mwisho atoe orodha fupi ya vitenzi vinavyoyakaidi majaribio. Orodha itakayobaki itakuwa fupi kuliko ile ya awali, na mwanafunzi atajua kwa nini kila kitenzi kimo ndani yake.

Mpangilio huu unadai jambo moja ambalo si kila shule huliruhusu kwa moyo mkunjufu, nalo ni kwamba Kiswahili kitumike katika somo la Kiingereza. Pale ambapo Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, mwanafunzi huweza kukatazwa kutamka neno la Kiswahili kwa madai kwamba litamharibia Kiingereza chake. Mifano ya (8) hadi (13) inaonyesha kinyume cha madai hayo. Aliyekatazwa kufikiri kwa Kiswahili hakuepushwa na ku-. Ataendelea kuihamishia katika Kiingereza kimyakimya, bila nafasi ya kuihoji.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kosa la kuchanganya "to" na "-ing" halitokani na uzembe wa mwanafunzi, wala na upungufu wa lugha yake. Linatokana na ukweli kwamba ku-, kwa kukosa njeo, huweza kubeba maana zote mbili mtenda anapokuwa mmoja, ingawa Kiswahili huzitenganisha kwa msamiati, kwa vishazi, na hasa kwa kubadilisha mtenda. Uchunguzi zaidi unahitajika ili kupima majaribio haya kwa vitenzi vingi zaidi, na kwa wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni lugha nyingine ya Kibantu.

Ama kuhusu yule mwanafunzi wetu, jibu tulilompa siku ile lilikuwa la haraka na lisilotosheleza: tulimwambia kwamba "stop" huchukua -ing. Tulichopaswa kumwambia ni hiki: ndiyo, yote mawili ni ku-, lakini jiulize kama mgonjwa wako aliacha kutumia dawa, au alisimama ili azitumie. Hilo alilijua tangu mwanzo, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kabla hajashika kalamu kuandika neno la kwanza la Kiingereza.